Jumatano, Baada ya Saa Saba

Jumatano maktaba yetu ya Dundee hufungwa saa saba.
Sisi tunaowanyamazisha wengine mwaka mzima
tunakaa kwenye viti vya watoto, magoti kidevuni,
tunafundishwa.

Moira, mwaka wa thelathini na moja kaunta,
ajuaye kitabu kwa harufu ya gundi,
anatafuta kishale kwenye skrini
kama aliyeangusha sindano zuliani.
Mwalimu, kijana wa juzi, ametia mikono mifukoni
asije akamnyang'anya kipanya.

Alhamisi, mvua. Mzee Petrie na fomu yake ya ruzuku
anaisaka P ya jina lake kwa kidole kimoja.
Moira ameshaiona.
Mikono yake imo mifukoni.

Cheti, wanasema, kitakuja kwa posta.