Sufuria la Barabara ya Kumi na Moja

Lilikuwa la kila mtu, likilala uani kwa Bi Mwantumu Mhina.
Nina miaka sita nikajificha ndani yake,
Ngamiani nzima ikanitafuta hadi magharibi;
nilichapwa na mama watatu,
wangu akiwa wa mwisho.

Kisha nikapewa mwiko. Arusi ya Shekue:
moshi machoni,
na umbea mtamu kuliko pilau.

Miaka ya Raskazone nilikuwa mtu wa kutuma mchango kwa simu.
Elfu kumi. Poleni sana. Nina kikao.

Jana limenifuata huku, juu ya toroli,
likisukumwa na vijana nisiowajua hata kwa sura.
Kibwana wangu hayupo.
Nimeambiwa nikae mkekani, nisishike kitu.

Nje, mwiko unagonga pale palipobonyea:
kisigino changu.