Vitufe Sita

Karatasi ya oda ilikuwa fupi:
vibao sita, milimita ishirini na mbili kwa saba,
herufi nyeupe juu ya weusi,
nyumba ya Nyaribo, Milimani, mwisho wa mijakaranda.
Na maneno yenyewe? niliuliza.
Jelagat, mkewe, akacheka kwenye simu:
Hapo ndipo tulipokwama, Nafula.

Fundi wa nyaya alishamaliza, akaenda zake.
Ukutani ameacha vitufe sita, vyote uso mmoja;
kila kimoja kinaijua kazi yake, wenye nyumba ndio hawaijui.
Bwana hununa kwa Kigusii, mke huota kwa Kinandi,
watoto wana Kiingereza chao cha shule,
na tangu Aprili yupo mama mkwe, Bibi Taprandich,
anayekaa gizani jua likishazama
asije akagusa kitu, geti likafunguka.

Mimi huchonga. Kibanda changu kiko uchochoroni
nyuma ya duka la mbegu.
Mashine ni ya mjomba, sindano ni yangu.
Nimechonga majina ya mawakili,
MBWA MKALI kwa watu wasio na mbwa,
na vibao vya shaba vya majeneza, ambavyo hulipwa siku hiyo hiyo.
Lakini Kiswahili sikuwahi kukipima kwa rula.
Ni kirefu, jamani. Kinapenda kujinyoosha.
"Taa za sebuleni" zilimwagika nje ya kibao pande zote mbili.
Nikakata: SEBULE. Nikakata: JIKO.
Mtambo wa maji ya kuoga nikauita MOTO,
kisha nikamfikiria mtoto akisoma MOTO ukutani usiku,
nikaandika OGA.
GETI halikunisumbua.
NJE iliingia, na nafasi ikabaki.
Cha sita, kile kinachotuliza nyumba yote kwa mguso mmoja,
nikachonga ZIMA,
nikapuliza vumbi, nikajiona nimeweza.

Jumamosi nikapanda na gundi yangu na kitambaa.
Bibi akavisoma kwa ncha ya kidole, polepole,
kama mtu anayechambua maharagwe.
Alipofika cha sita akakiondoa kidole.
Hiki siwezi. Usiku mtu haambiwi zima.
Mzee wangu alizima hivi hivi, akifunga kamba ya kiatu.
Na asubuhi mnaniuliza, Bibi, u mzima? Nami najibu, mzima.
Sasa jioni nilibonyeze neno lile lile, liwaondoe nyote?

Nyaribo akataka kueleza sarufi.
Jelagat akamkanyaga kidole cha mguu.
Basi tuandike nini, Mama?
Akatazama ujia, milango ya wajukuu, mmoja wazi.
Andika ninavyowaambia kila siku. Laleni.

Nikarudi mjini, nikachonga LALENI.
Sindano ilipoingia kwenye L ya kwanza
mkono ukapunguza mwendo wenyewe,
umezoea: AMELALA, halafu tarehe mbili.
Ikabidi niukumbushe kwamba hapa mwisho kuna E, N, I,
kwamba hawa ni wengi, na wataamka,
watagombania bafu,
mmoja atatafuta soksi hadi gari la shule lipige honi.

Sijui kama anakibonyeza. Pesa walituma, na nauli juu yake.

Kile kibao cha ZIMA sikukitupa.
Nimekibandika kwangu Kaptembwo,
juu ya swichi moja ya chumba kimoja.
Nikitoka alfajiri nakisoma kama jibu la salamu.
Nikirudi nimechoka, na stima ikiwepo,
natii.