Daftari la Mizigo

Sikufyatua risasi hata moja.
Vita vyangu vilikuwa kalamu ya wino wa buluu
na gati la Mtwara saa nane usiku, taa zimezimwa:
sembe magunia mia tatu,
maharage, betri za redio,
buti jozi arobaini. Nikatia sahihi:
Luteni Nankoma, imepokelewa.

Ng'ambo ya Ruvuma tulishusha vyote kimyakimya,
baharia Likwawa akihesabu kwa vidole.

Tuliporudi, jozi tisa zilikuwa juu ya sitaha,
zimefungwa kamba, tope bado bichi.
Mtu wa stoo akauliza: ziandikwe "zimerejeshwa"?
Mstari ule ungali wazi.

Mke wangu, hapa Shangani, hunishangaa
nikifika penye msiba
nasimama mlangoni,
nahesabu viatu.