Kauntabuku la Kageha

Aliniachia kauntabuku la jalada jekundu,
kona zimekunjamana, ukurasa wa tisa una duara la kikombe,
akapanda gari la kwenda kwao Vihiga kujifungua.
"Yote yamo humo," akasema.

Ukurasa wa kwanza:
    ls kabla ya rm.
    Tazama kwanza, ndipo ufute.
    Mashine hii haina pipa la taka,
    wala haina samahani.

Wa pili, kwa wino wa kijani:
    Ukipotea andika pwd.
    Itakuambia ulipo. Haitakuambia ulifikaje.

Kisha grep, na kando yake amechora kuku
anayechakura pumba akitafuta punje moja.
Chini ya kuku, deni la dukani:
mkate, sabuni ya kipande, vocha ya hamsini.

Nilidhani nimeelewa. Mimi, kijana wa chuo,
katika chumba cha mabati cha ushirika wa maziwa hapa Njoro,
seva imepandishwa juu ya kreti la soda
isilowe siku ya kuosha sakafu.

Meneja akasema nakala za hesabu zichukuliwe usiku,
saa nane, watu wakiwa wamelala.
Nikafungua crontab. Nikaandika sufuri, nikaandika nane,
nikapanga nyota tatu, mafiga kamili,
nikaenda kulala usingizi wa mtu aliyemaliza deni.

Saa mbili asubuhi mizani ikaganda.
Foleni ikafika hadi kwa fundi wa baiskeli:
punda, pikipiki, mitungi, madumu yaliyokuwa ya mafuta.
Tapkigen akachungulia dirishani.
"Kijana, maziwa hayangoji."
Kwenye kioo kiduara kinazunguka, kinazunguka,
na jua la Julai, ambalo wiki nzima lilikuwa limejificha,
likachagua siku hiyo.

Nikachakura kauntabuku kama yule kuku.
Ukurasa wa arobaini na moja, pembeni, kwa herufi ndogo
kama mtu anayenong'ona jambo la aibu:

    Mashine haijui saa zetu.
    Sisi twaanza kuhesabu jua likichomoza,
    yenyewe yaanza giza likiwa katikati.
    Nane ya usiku iandikie mbili.
    Mimi pia nilikosea. Machi. Lita mia tatu na sitini.

Nikaiua ile kazi kwa namba yake.
Nikafuta nane, nikaandika mbili. Mizani ikaamka.
Tapkigen akapimiwa: kumi na moja nukta nane.
"Zilikuwa kumi na mbili," akasema,
akiniangalia mimi, si mizani.

Jioni nikaongeza mstari chini ya ule wake:
    Julai. Lita sitini na nne, zilizochacha.
    Nukta mbili za Tapkigen, sijui zilikokwenda.

Nilipokuwa nafunga kalamu simu ikalia.
Ujumbe wa Kageha: ni msichana, amezaliwa saa nane.
Hakusema ya mchana au ya usiku,
wala hakusema saa ya nani.