Waya wa Pili

Mwezi huu sikulipa. Nimechoka
kulipia chaneli mia, nitazame tatu.
Intaneti ishafika Umoja, hadi ghorofa ya nne;
filamu naichagua mwenyewe, saa niitakayo.

Nikachomoa king'amuzi. Nyuma yake, nyaya mbili:
mmoja wapanda kwenye dishi,
wa pili umepenya dirishani, ukashuka
hadi kwa Kwamboka.

Alibisha saa moja na dakika tano,
leso begani, bila haya:
"Habari zimekatikia wapi?"

Miaka sita, kumbe,
nikibonyeza rimoti nabonyezea wawili.
"Ule usiku uliposinzia kwenye ndondi," akasema,
"nilitazama ndondi mpaka kukacha.
Na yule wa Bungoma alipokuacha,
wiki nzima ilikuwa mapishi tu. Nikajua."

Nimempa nywila.
Sasa anatazama yake, nami yangu;
hakuna anayemngoja mwenziwe abadilishe.

Saa saba za usiku skrini yaniuliza:
Bado unatazama?

Nagonga sakafu kwa kisigino, mara tatu.
Natega sikio.