Baada ya Kuugua kwa Muda Mrefu

Saa moja na nusu usiku redio husoma wafu:
jina, kijiji, saa ya mazishi, nani aje na turubai.
Kisha kile kipande cha sentensi,
*aliyefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu*.
Mtangazaji hukiruka mbio,
kama boda anavyoruka mtaro aliouzoea.

Mimi naishi ndani ya kipande hicho.
Miaka thelathini na minne, hapa Oli, mjini Arua,
kati ya "baada" na nukta.

Humu si giza kama mnavyodhani.
Kuna televisheni, umeme ukipenda.
Kuna Marisela wa tamthilia ya saa mbili,
aliyeanza kukohoa sehemu ya arobaini,
akalazwa kwenye shuka lisilo na mkunjo,
midomo imepakwa rangi, nywele zimepangwa juu ya mto.
Viijei anatafsiri kwa Kiganda na kutia chumvi yake:
"Huyu haumwi, huyu amekosa muhogo!"
Tulicheka, mimi na dada yangu Ayikoru,
mpaka mbavu zikanikumbusha ni za nani.
Sehemu ya arobaini na nne Marisela alipona.
Sehemu nne!
Mimi nina faili tatu hospitali, zimefungwa kwa kamba ya katani,
na ya nne imepotea.

Selimundu, daktari alisema, nikiwa wa miaka miwili.
Bibi akauliza: mundu wa kuvuna nini?
Hakujibiwa.

Tarehe za kulazwa sizikumbuki.
Nakumbuka ulikuwa ukipigwa wimbo gani dirishani.
Nyonga ya kushoto ilikufa mwaka ule
kila kijana wa Arua alinyoa kiduku.
Damu ya chupa tatu niliwekewa fainali ikiendelea;
muuguzi alikuwa akitoka kila baada ya dakika tano,
akirudi na matokeo, na sindano.

Ninafuatilia yote. Nani kaachana na nani Kampala,
bei ya mafuta, mafuriko ya nchi nisiyoweza kuitamka.
Usiku wa baridi, mifupa inaposagana,
nameza morfini ya kijani kutoka chupa ya maji ya dukani
(Ayikoru amechora fuvu juu yake, Afeku asije akainywa,
ila fuvu lenyewe linatabasamu)
na namsikiliza yule mwanamke wa taarifa ya habari
mwenye sauti ya kitambaa kilichopigwa pasi:
*habari zilizotufikia hivi punde*.
Yangu haijafika hivi punde hata siku moja.
Yangu ni marudio.

Asubuhi jirani huniuliza, "Habari?"
Nami, lugha ikinishika mkono, "Nzuri."
"Hujambo?" "Sijambo."
Nina jambo, mama Drateru, nina mambo.
Lakini maziwa yako yanachemka, nenda.

Jumanne ilipita redio ikamsoma Zubeda Khemis.
Baada ya kuugua kwa muda mrefu.
Basi? Hawakusema alivyokuwa akipaka hina kucha za miguu
kila kabla ya kliniki, ili daktari awe na kitu cha kutazama.
Hawakusema tulibishana miezi miwili,
kitanda kwa kitanda, kisha kwa simu,
baba halisi wa Marisela ni nani.
Mimi nilisema wakili. Yeye alisema dereva.

Alhamisi ikajulikana: dereva.
Nikamwandikia. *Umeshinda, una soda yangu.*
Alama moja ya kijivu.
Mpaka leo ni moja, na ya kijivu.

Usiku huu umeme umekatika
Marisela ameinua mkono kushika kitasa.
Magoti yameanza; nayajua, hutangulia mvua.
Afeku amekimbilia kwa jirani mwenye sola,
ananipazia sauti kupitia ukuta:
"Amefungua!"

Kuna nani mlangoni, Afeku?
"Ngoja!" anasema. "Ngoja, tangazo la sabuni!"

Nangoja. Kungoja nakujua.