Daftari la Marehemu

Udongo wa Igombe haujakauka juu yake,
baba mdogo Lushinge akasimama, akatangaza:
anayemdai marehemu ajitokeze;
anayedaiwa naye, vilevile.
Wanaodai walifika kumi na mmoja kabla ya kuanua matanga.
Wanaodaiwa waliona wingu, wakawahi mvua.

Mimi nikabaki na daftari,
jalada limelewa mafuta ya kula,
mwandiko wa mume wangu umeanikwa humo kama dagaa mchangani.
Majina hakuandika. Aliandika:
Kofia nyekundu, sukari nusu.
Mama pacha, unga kilo mbili, kipande cha sabuni.
Anayecheka peke yake, betri nne.
Yuleyule, betri nne.
Fundi injini: asikumbushwe, ana msiba.

Nikaenda Kirumba kwa Bugumba wa jumla,
anayenidai laki tatu na arobaini, nikamwomba anivumilie.
Shemeji, akasema, mimi nami mwenye lori ananisubiri,
mwenye lori anasubiriwa na wa matairi,
na wa matairi...
Nikamkatiza. Deni lina ukoo;
ukiufuata sana utakuta ni shangazi yako.

Nikarudi, nikabandika karatasi: KUKOPA MWISHO JANA.
Siku tisa nikauza kwa taslimu.
Ile noti ya elfu kumi, yenye kona iliyoungwa kwa gundi,
mtaa mzima tunaijua:
asubuhi hutoka kwa Nyamizi mama ntilie,
adhuhuri iko kwa kinyozi, jioni hulala kwangu.
Nikaifungia kwenye kopo.
Kinyozi akakaa mlangoni akijinyoa mwenyewe.
Nyamizi akapika sufuria moja.
Chumvi yangu ikawa jiwe.

Mwezi ulikuwa mpevu, nilisahau.
Mwezi ukijaa dagaa hawaijali taa ya mtu,
mitumbwi hulala,
na huku kwetu watu hukopa kwenye mbalamwezi, hulipa gizani.
"Nitakulipa giza likiingia": mgeni hudhani ni tishio.

Likaingia.
Usiku wa tatu kofia ikasimama dirishani, wekundu umepauka,
mkononi ndoo ya dagaa, bado inatiririka maji.
"Kata lile la sukari. Chenji nipe, ni ya petroli.
Kisha andika unga."
Karatasi yangu aliiona. Aliiegemezea kiwiko.

Nikafungua kopo. Noti ikatoka, ikaenda zake ziwani.
Kalamu ya marehemu ilikuwa bado kwenye kamba yake.
Jina sikumuuliza.